Tulivyoanza Kupiga Picha Wadudu wa Shambani

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyotutembelea hapa kwetu, milima ya Taita. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.

Tunajua wengine wenu mmeamka saa kumi za usiku ili kuyawahi magari, na huku juu baridi ni kali, kwa hiyo chai ipo jikoni na hatutawaweka sana.

Tumeombwa tuwaeleze kwa nini kikundi cha watu kumi na tisa, wengi wetu akina mama, ambao kazi yetu ni sukuma wiki, mahindi, maharagwe na akiba kidogo ya kila Jumamosi, siku hizi kinaonekana asubuhi na mapema kimepiga magoti kwenye matuta kama watu waliopoteza sindano. Majirani wamesema mengi. Si mnajua huku kwetu Taita mtu akiinama chini kwa muda mrefu, watu hufikiri ameona jiwe la thamani. Kuna mzee mmoja alikuja mpaka uani kutuuliza kama tumepata kibali cha kuchimba. Hatuchimbi, ndugu zetu. Tunapiga picha wadudu.

Jambo lilianza kwa hasara, na ni vizuri tuanze hapo. Tuna shamba la kikundi, robo eka ya sukuma wiki kando ya kijito. Msimu mmoja vidukari waliingia. Mnawajua wale wadudu wadogo wa kijivu, kama wamepakwa unga, wanaojazana upande wa chini wa jani mpaka jani linajikunja. Tulikutana chini ya mwembe, tukakubaliana kununua dawa. Mweka hazina akaenda dukani. Mwenye duka akamwuliza, "Mdudu gani?" Naye akajibu, "Mdudu mdogo." Akapewa chupa. Tukapuliza mara mbili. Hesabu yote, pamoja na kukodi pampu, ilikuwa shilingi 2,300, na fedha hizo zilitoka katika zamu ya mama mmoja aliyekubali kungoja ili shamba liokolewe. Baada ya wiki tatu vidukari walikuwa wengi kuliko mwanzo. Yule mama hakusema neno. Afadhali angesema.

Wakati huo mjukuu wa katibu wetu alikuwa amerudi nyumbani kutoka chuoni. Alitusikiliza tukilaumiana, kisha akasema, "Lakini nyanya, huyo mdudu mwenyewe mmemwona?" Tukamwambia tumemwona, tena tumemponda kwa vidole. Akasema, "Hapana, mmemwona mgongo tu, na kutoka juu." Alikuwa na simu ya kisasa na kitu kidogo kama kifuniko cha chupa, chenye kioo katikati, kinachobanwa mbele ya jicho la kamera ya simu kwa kibanio. Ile ndiyo lenzi. Alituambia aliinunua Mombasa kwa shilingi 700. Akaibana, tukashuka wote mpaka kijitoni, saa saba mchana, jua likiwaka.

Siku ile tulipiga picha arobaini na tatu. Tuliporudi kuziangalia, hatukupata hata moja ya kuonyesha mtu. Kumi na kitu zilikuwa rangi ya kijani tu, kama mtu amemwaga uji wa mboga. Nyingine zilionyesha jani vizuri sana, kila mshipa, lakini mdudu alikuwa ameondoka. Katika nyingine kulikuwa na kivuli cheusi, na kivuli hicho kilikuwa kichwa cha katibu. Moja ilionyesha mguu. Hatujui hadi leo ni mguu wa mdudu gani, lakini ulikuwa mguu mzuri wenye vinywele, na nadhani ni kwa ajili ya mguu ule tulirudi kesho yake.

Sasa tuseme kidogo kwa nini picha hizi ni ngumu, maana ukijua sababu hutakata tamaa mapema kama tulivyotaka kufanya.

Kwanza, kamera ya simu peke yake haikubali kusogea karibu sana. Ukiisogeza chini ya upana wa kiganja, kila kitu kinakuwa ukungu. Wengi hufikiri dawa yake ni kuvuta picha kwa vidole viwili ili ikue. Kufanya hivyo ni sawa na kuvuta kitambaa kilichochanika: kinaonekana kikubwa, lakini nyuzi hazikuongezeka. Lenzi ndogo ya kubana inaruhusu simu isogee mpaka vidole viwili kutoka kwa mdudu, na hapo ndipo unapata vitu ambavyo jicho lako halikuwahi kuviona. Wapiga picha huziita picha hizi makro. Wataalamu wenyewe wana kipimo kikali: ikiwa mdudu ana milimita tano, basi umbo lake ndani ya kamera, pale mwanga unapopokelewa, nalo liwe milimita tano. Sisi hatujali sana kipimo hicho. Tukihesabu miguu yake tumeridhika.

Pili, na hili ndilo lililotusumbua miezi miwili, ukiwa karibu kiasi hicho sehemu inayoonekana wazi ni nyembamba mno, pengine kama unene wa ukucha. Ukilenga jicho, mgongo ni ukungu. Ukilenga mgongo, kichwa hakipo. Tulikuwa tukigusa kioo cha simu mara kwa mara tukiitaka ijirekebishe, na kila ikijirekebisha mdudu ameshasogea. Kijana akatufundisha kuacha kuisumbua simu. Unailenga mara moja, unaifunga hapo kwa kugusa kioo na kushikilia kidole mpaka ikubali, kisha unasogea wewe mwenyewe, mwili wako, mbele na nyuma, polepole, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Pale jicho la mdudu linapong'aa, unabonyeza. Na usibonyeze kwenye kioo, maana simu itatikisika. Katika simu nyingi kitufe cha pembeni cha kuongeza sauti hupiga picha pia. Viwiko viegemee magoti au ardhi. Pumzi uishike. Akina mama wanaobeba watoto mgongoni walilijua hili haraka kuliko wanaume: mtoto akipumua, picha nayo inapumua.

Tatu ni upepo. Jani likitikisika kidogo tu, kwa simu ni kama tetemeko. Mwenzetu mmoja alichomeka kijiti ardhini, akafunga kibanio cha nguo juu yake, akabana kikonyo cha jani. Ni hivyo tu. Tumeambiwa wapiga picha wa ng'ambo hununua vifaa vya kazi hiyo hiyo kwa fedha nyingi. Kibanio chetu kilitoka kwenye kamba ya nguo.

Nne, saa. Tulipoteza muda mwingi kwa kwenda mchana. Mdudu hana joto lake mwenyewe kama ng'ombe au mtu. Hutegemea jua kumpasha. Mchana amepata moto, anaruka, anakimbia, anakucheka. Lakini huku kwetu mwamjua ukungu wa asubuhi. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu wadudu wamelala juu ya majani, wamelowa umande, hata ukisogeza simu mpaka puani mwake hasogei. Picha zetu za kwanza zilizofaa zilikuwa za asubuhi ya namna hiyo. Ilikuwa nzi wa kawaida kabisa, mwenye matone ya maji mgongoni, na macho yake yamegawanyika vipande vidogo vidogo kama sega la asali. Tulimpitisha nzi yule mkono kwa mkono kwenye mkutano wa Jumamosi mpaka tukasahau kuhesabu fedha.

Na mwanga. Ukisogea karibu, simu yenyewe inamzibia mdudu mwanga. Taa ya simu nayo ni kali, inamfanya mdudu mwenye mgongo laini aonekane na doa jeupe kama amepigwa chokaa. Tumejaribu karatasi nyeupe nyembamba mbele ya taa, inasaidia. Lakini kinachosaidia zaidi ni sahani nyeupe ya plastiki. Mwenzako anaishika upande wa pili, inarudisha mwanga wa anga kwenye tumbo la mdudu. Kwa hiyo kazi hii ni ya watu wawili, mmoja simu, mmoja sahani, na wanaogombana hawaiwezi.

Wengine mtauliza: asiye na lenzi je? Tumejaribu njia nyingine. Kioo cha kukuza cha mkononi, kile cha wanafunzi, ukikishika mbele ya kamera kinafanya kazi, ila mkono huchoka. Kijana alitoa kijilenzi kidogo sana kutoka kwenye mashine mbovu ya kuchezea diski, akakibandika kwa plasta. Kilikuza kuliko kile cha dukani, ila pembeni kote kulikuwa giza. Njia ya tone la maji, yaani kuweka tone moja dogo juu ya jicho la kamera na kuigeuza simu taratibu, tuliijaribu pia. Picha ilitoka, kweli ilitoka. Lakini simu ilikuwa ya mwenyekiti, na kilichofuata baada ya tone kuteremka ndani ni habari ya kikao kingine. Msijaribu kwa simu ya mtu.

Haya. Tuje kwenye faida, maana hamkupanda milima kuja kuona picha za nzi.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo, vidukari walirudi kwenye sukuma wiki. Safari hii pamoja nao kulikuwa na mdudu mwingine, mweusi, mrefu kama punje ya mchele au kidogo zaidi, ana miguu sita mbele mbele na mgongo wa magamba kama mamba, na madoa ya rangi ya machungwa pembeni. Mbaya wa sura. Mweka hazina wetu alisema waziwazi: huyu ndiye mama yao, huyu ndiye anayewaleta, tupulize leo leo. Wengi wakaunga mkono. Sisi tuliokuwa na lenzi tukaomba siku moja tu. Ilikuwa kura ya kumi kwa tisa, msifikiri tulikubaliwa kwa furaha.

Asubuhi yake tulipata picha ambayo sasa tumeichapisha mjini na kuibandika ukutani, mtaiona mkitoka. Yule mamba mdogo ana kidukari mdomoni. Miguu ya kidukari inaning'inia nje. Kijana aliipeleka picha kwa mwalimu wake wa chuoni, naye akajibu siku hiyo hiyo: huyo ni mtoto, yaani buu, wa yule mdudu mwekundu wa mgongo wa duara na madoa meusi, ambaye watoto wetu humruhusu atembee kidoleni mpaka aruke. Wengine humwita mdudu-kibibi. Hafanani na wazazi wake hata kidogo. Mkubwa na mtoto wote hula vidukari, makumi kwa siku.

Mtaelewa ukumbi ulivyonyamaza. Maana msimu ule wa kwanza, tulipotoa zile shilingi 2,300, mamba wadogo walikuwepo pia. Tuliwakumbuka wote. Tulikuwa tumewapulizia pamoja na vidukari, na waliorudi haraka walikuwa vidukari. Sababu nayo tuliiona baadaye kwa lenzi. Kidukari hahitaji kutaga mayai wala kutafuta dume kwenye joto la kawaida: anazaa watoto hai, majike watupu. Tulimpiga picha mmoja akizaa, mtoto anatoka kinyumenyume, miguu mwisho. Tena mtoto huyo anapozaliwa tayari tumboni mwake wajukuu wameanza kukua. Zamani sana Uholanzi kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Antonie van Leeuwenhoek, aliyefariki mwaka 1723. Hakusoma chuo kikuu chochote. Alijisagia vioo vyake mwenyewe, vidogo kama tone, akavitazamia kila kitu. Naye alimpasua kidukari akitafuta mayai, akakuta watoto. Basi mdudu anayezaa kwa mwendo huo na yule anayemla, ukiwaua wote leo, nani atatangulia kurudi? Mwenyekiti wetu alilisema kwa kifupi: tulikuwa tumemfukuza mlinzi tukamwachia mwizi mlango.

Siku hizi jani likijaa vidukari tunalipangusa kwa maji ya sabuni kidogo au tunalichuma tukalifukia, na tunatazama kwanza nani mwingine yupo. Tumewafahamu wengine. Kuna buu mdogo asiye na miguu, kama konokono aliyevuliwa gamba, wa kijani au wa rangi ya maziwa, anayepapasa kichwa huku na huku kama kipofu, na kweli ni kipofu. Akimgusa kidukari anamwinua juu na kumfyonza. Mkubwa wake ni nzi anayejifanya nyuki, ana mistari ya njano, huelea hewani mbele ya ua. Picha inamfichua: nyuki ana mabawa manne, huyu ana mawili. Kuna pia mayai yaliyosimama kila moja juu ya uzi mwembamba kama unywele, mstari mzima upande wa chini wa jani. Tulidhani ni ukungu wa mimea. Kumbe ni mayai ya mdudu mwenye mabawa ya kijani yanayopenya mwanga, na watoto wake nao ni simba kwa vidukari. Na ukiona kidukari aliyevimba, mkavu, rangi ya kahawia kama punje ya mtama, mwache. Ndani yake kuna mtoto wa nyigu mdogo mno anayemla kutoka ndani. Kwenye picha utaona tundu la duara mgongoni, limekatwa vizuri kama kwa mashine. Ni mlango aliotokea.

Sasa tukajiona wataalamu. Hapa ndipo tuliposhikwa, na tumekubaliana kwamba kila tukizungumza na wageni sehemu hii hairukwi.

Mama mmoja jirani, si mwanachama wetu, alikuwa na malenge na mnavu mzuri aliokuwa akiuza sokoni Wundanyi. Akatujia akasema kuna wadudu wekundu wenye madoa meusi kwenye majani. Tukafurahi. Tukaenda watu watatu, jioni, hatukubeba hata lenzi. Tukamwambia, "Mama, bahati yako, hao ni walinzi. Usiwaguse." Naye kwa kutuamini hakuwagusa. Baada ya siku kumi na mbili alituita tena. Majani ya malenge yalikuwa yamekwanguliwa mpaka yamebaki mishipa na ngozi nyembamba, kama dirisha la wavu. Mnavu ulikuwa umeisha. Alitutazama tu, akasema, "Hawa walinzi wenu wanakula nini?"

Ndugu zetu, ilikuwa aibu. Safari hii tulienda na lenzi, saa moja asubuhi. Na lenzi ilisema wazi jambo ambalo macho yetu yaliyojaa kiburi hayakuliona. Katika jamaa ya mdudu-kibibi wapo wachache wasiokula wenzao. Hao hula majani. Wanapenda jamii ya malenge na jamii ya mnavu, viazi na biringanya. Kwa mbali ni mapacha. Kwa karibu, yule mlinzi mgongo wake unang'aa kama gari lililopakwa rangi jana. Huyu mla majani hang'ai, na ukipiga picha kutoka ubavuni, mwanga ukiwa nyuma yake, utaona sababu: mgongo mzima umeota vinywele vifupi, kama kitambaa cha bulangeti. Na buu wake si mamba mweusi. Ni wa rangi ya njano, amejaa miiba yenye matawi matawi, kama kijimti cha mwiba.

Kikundi kilikaa kikao. Wengine walisema ushauri si mkataba, hatudaiwi. Ni kweli hatukudaiwa. Lakini yule mama wa zamu iliyochelewa, mnamkumbuka, ndiye aliyesimama akasema yeye anajua ladha ya kungoja kwa sababu ya kosa la wengine. Tukachanga shilingi 1,500 na miche ya mnavu. Mama yule jirani alizikubali. Sasa ni mwanachama wa ishirini, na ndiye anayeshika sahani, kwa sababu ametuambia hatuamini tena tukienda peke yetu.

Tangu hapo tuna sheria moja: hakuna anayetoa ushauri kuhusu mdudu kabla ya kuwa na picha tatu. Moja ya kutoka juu, moja ya ubavuni, na moja ya jani lenyewe linavyoliwa. Ile ya jani wengi wanaisahau, na ndiyo ingetuokoa. Ikiwezekana ya nne iwe ya uso.

Uso ndio uliotusaidia kwenye mahindi. Mwajua kiwavijeshi vamizi alitoka Marekani, akaonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka 2017 akawa Kenya. Wazee wetu walizoea kiwavi wa kutoboa bua, ambaye ni mwenyeji wa Afrika, kwa hiyo kila kiwavi kwenye mahindi waliita jina hilo moja. Sisi tulimpata mmoja mdogo ndani ya moyo wa mhindi, tukamlaza juu ya kucha ya kidole gumba, tukampiga picha ya uso. Kwenye paji kuna alama nyeupe kama panda ya manati iliyopinduliwa, mpini juu. Karibu na mkia kuna madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za meza. Ndiye. Kwa macho matupu, akiwa mdogo vile, hakuna mtu katika kikundi aliyeweza kuyaona madoa hayo. Tukaanza siku hiyo kupita mstari kwa mstari tukiponda mayai, ambayo hutagwa mengi pamoja, zaidi ya mia, yamefunikwa kama kwa pamba chafu. Hatukuokoa mahindi yote. Mistari ya juu karibu na barabara ilikwisha kabla hatujafika. Lakini tuliowahi tulivuna.

Mambo madogo ya mwisho, halafu tunyanyuke.

Simu hujaa. Asubuhi moja tunapiga picha mia, tunabakiza tano, na kufuta zilizobaki ni kazi inayouma kwa sababu kila mtu anaona yake ni nzuri. Tunafuta kwa pamoja, sauti ikipigwa. Zilizobaki zinaandikwa daftarini: tarehe, saa, mmea gani, juu au chini ya jani, nani alipiga. Picha isiyo na maandishi hayo baada ya miezi mitatu ni pambo tu. Mwanzoni hatukuandika, na tuna picha moja nzuri ya buibui wa kijani ambayo tunabishana mpaka leo ilipigwa kwa nani.

Wasio na simu ya kisasa, wenye mulika mwizi, hawako nje ya kazi. Mtu wa kugundua mdudu ni muhimu kuliko wa kupiga. Mzee wetu mmoja wa miaka sabini na nane hajawahi kushika kamera, lakini hupita kabla ya wote na kuweka kijiti chenye kitambaa chekundu kila mahali alipoona kitu. Vijana hufuata vijiti vyake. Katika picha thelathini tulizozichagua kuchapisha, ishirini na moja ni za vijiti vya mzee.

Hatumwui mdudu ili apigwe picha vizuri. Tumesikia wengine huwatia kwenye jokofu au huwagandisha kwa gundi. Sisi jokofu hatuna, lakini hata tungekuwa nalo, mdudu aliyeganda hawezi kukuonyesha anakula nini, na hilo ndilo swali lililotuleta.

Na lenzi isafishwe. Pumua juu yake, ipanguse kwa kitambaa laini cha pamba, si kwa leso yenye mchanga. Tumeikwaruza moja tayari.

Sasa, kwenye kopo hili lenye matundu tumeleta jani la mnavu kutoka kwa yule mama, lina wadudu wawili wekundu wenye madoa. Mmoja ni mlinzi na mmoja ni mwizi. Hatutawaambia yupi ni yupi. Lenzi ni mbili na simu ziko nne, kwa hiyo mgawane wanne wanne, sahani ziko kwenye benchi. Fanyeni haraka kidogo kabla jua halijafika hapa barazani, maana wakipata joto wataruka, na mlinzi huwa wa kwanza.